Mdogo Wangu, Kinga Yako Haiko Chini

 Wadogo zangu, barua za kuumwa kichwa zimenijaa mezani. Leo najibu moja kwa niaba ya zote, kwa sababu mwenyewe ameuliza waziwazi jambo ambalo wengine mmelizunguka tu.

Anaandika hivi:

“Shikamoo dada. Nina miaka 27, ni fundi cherehani, nina mume na mtoto mmoja. Kila mwezi mara mbili au tatu kichwa kinanishika upande wa kushoto na kugonga. Mwanga wa dirishani siutaki, mlio wa cherehani siutaki, nikiinama kuokota pini naona jicho linataka kutoka. Natapika, nalala gizani mpaka kesho yake. Nimeshatibiwa malaria, taifodi na UTI, nimemeza antibayotiki mpaka tumbo limechafuka. Mama mkwe anasema ni uvivu, jirani anasema nina mashetani. Juzi nimesoma kwenye simu kwamba kipandauso ni mwili kuwaka kwa ndani na kinga kuvurugika. Je, kinga yangu imeshuka? Na kama kuna kitu kinawaka humo kichwani, si ndiyo kazi ya antibayotiki?”

Marahaba, mdogo wangu. Jibu nakupa kwanza, maelezo yatafuata: kinga yako haijashuka, na antibayotiki haina kazi hapo. Ulichosoma kwenye simu kina ukweli, ila ni nusu. Nusu iliyobaki ndiyo itakayokuokolea pesa na siku zako za kazi.

Kitambue kwanza

Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Duniani kinawasumbua watu wapatao bilioni moja, na wanawake wanaougua ni karibu mara tatu ya wanaume. Mtu asikwambie ni ugonjwa wa Ulaya; watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinavyozunguka hospitali ya Haydom, kule Mbulu, waliwakuta wagonjwa wake kwa wakulima na wafugaji. Pia hutembea kwenye ukoo. Muulize mama yako, au shangazi, kama enzi za usichana wao hawakuwa wanajifungia chumbani na kitambaa kimefungwa kichwani.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kipandauso, wala picha ya kichwa. Daktari anakijua kwa kukusikiliza. Anatafuta maumivu yanayodumu saa 4 hadi 72 yasipotibiwa, mara nyingi ya upande mmoja, yanayogonga, makali kiasi cha kukukatisha kazi, na yanayozidi ukitembea au kupanda ngazi. Halafu anauliza: kuna kichefuchefu au kutapika? Unachukia mwanga na kelele kwa pamoja? Ukishapatwa na hali hiyo walau mara 5, na hakuna ugonjwa mwingine unaoieleza, jina limepatikana. Barua yako imetaja karibu kila kitu, na pini yako uliyoiinamia ni ushahidi tosha kwamba kujongea kunazidisha.

Yowe la mwizi asiyekuwepo

Sasa tuje kwenye huko kuwaka. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika na mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Utando huo unahudumiwa na neva ya trijemina, ileile inayobeba hisia za uso, macho na meno. Ndiyo maana kipandauso hupenda kukaa nyuma ya jicho au kwenye paji la uso, na wengine wameshang’olewa jino zima kwa ajili yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari wa Marekani, Michael Moskowitz, alitoa wazo ambalo wakati huo lilikuwa geni. Alisema ncha za neva hii hazipokei maumivu tu. Zikichokozwa, zenyewe humwaga kemikali kwenye utando. Mishipa ya damu inatanuka, majimaji yanavuja, na seli za kinga zilizokuwa zimetulia pale zinaamka. Hali hiyo ya mwili kuvimba, kupata joto na kuuma ndiyo wataalamu wanayoiita mchochota. Mchochota tuliouzoea huletwa na kijidudu au jeraha: kidole kilichochomwa na mwiba, tonsesi, jipu. Huu wa kipandauso unaanzishwa na neva yenyewe, pasipo kijidudu hata kimoja.

Hebu fikiria usiku mtaani kwenu mtu anapiga yowe la mwizi. Majirani hawasubiri kuuliza mwizi yuko wapi. Wanatoka na marungu na tochi, mbwa wanabweka, ua wa mtu unaangushwa, na kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo yule wa kwanza anavyozidi kupiga yowe. Asubuhi mnaulizana: mwizi alikuwa nani? Hakuwepo. Mpiga yowe ni neva. Majirani ni seli za kinga, hasa zile ziitwazo seli za masti, ambazo makazi yake ni karibu kabisa na ncha za neva katika utando huo. Unazifahamu kwa kazi yake nyingine: ndizo zinazomwaga histamini mtu mwenye mzio anapokula kamba au pweza akavimba midomo. Watafiti walipozichokoza seli hizo katika utando wa ubongo wa panya, neva za maumivu ziliamka na kuendelea kutuma ishara kwa muda mrefu. Kisha zinaingia prostaglandini na saitokini, yaani kemikali ambazo seli hutumiana kuitana na kuchochea uvimbe, na neva inazidi kuwa nyepesi kuchokozeka.

Na yowe lenyewe ni nini? Kwa sehemu kubwa ni protini ndogo inayojulikana kwa herufi nne, CGRP. Mwaka 1990 Peter Goadsby wa Australia na Lars Edvinsson wa Sweden walichapisha matokeo ya kipimo kilichobadilisha mambo. Waliwachukua damu wagonjwa kutoka kwenye mshipa wa shingo wakiwa katikati ya maumivu, wakapima kemikali kadhaa zinazotolewa na neva. CGRP ilikuwa imepanda. Nyingine iitwayo substansi P, ambayo wengi waliishuku kuwa ndiyo mkosaji, haikupanda. Baadaye, mwaka 2002, watafiti wa Denmark wa kundi la Jes Olesen waliwadunga wagonjwa wa kipandauso CGRP yenyewe kwenye mshipa, na wengi wao kichwa kikawashika. Olesen, Goadsby, Edvinsson na Moskowitz walipewa Tuzo ya Brain Prize ya Denmark mwaka 2021 kwa kazi hiyo.

Ile substansi P ina funzo lake. Ni hodari wa kufanya mishipa ya damu ivuje na utando uvimbe. Miaka ya 1990 zilijaribiwa dawa za kuizuia, na kwa wanyama zilizuia uvimbe vizuri tu. Kwa binadamu wenye kipandauso hazikufua dafu. Kwa hiyo anayekwambia kipandauso ni uvimbe wa ubongo, basi, amekudanganya bila kukusudia. Uvimbe na seli za kinga ni washiriki. Chanzo ni neva iliyozaliwa nyepesi kushtuka. Wewe kinga yako ni nzima na inafanya kazi. Tatizo ni kwamba inaitwa pasipo sababu.

Kwa hiyo zile poda za kuongeza kinga na za kusafisha damu zinazouzwa kwenye makundi ya simu, ziache hukohuko. Huna upungufu wa kinga wa kuongezewa.

Kwa ninyi mnaoona zigizaga

Msomaji mwingine, wa Mwanza, ameniambia kwamba kabla ya kichwa kuanza anaona mistari ya zigizaga inayometameta pembeni mwa jicho, inakua taratibu kwa nusu saa, kisha vidole vya mkono mmoja vinakufa ganzi. Alidhani ni macho, akanunua miwani. Hiyo inaitwa aura, na kwa kawaida kila dalili yake hudumu kati ya dakika 5 na 60.

Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão, aliyekuwa akisoma Harvard, aliona kwenye ubongo wa sungura wimbi la umeme likitambaa polepole juu ya gamba la ubongo na kuacha seli zikiwa kimya nyuma yake. Kasi yake ni kama milimita 3 kwa dakika. Ndiyo maana zigizaga zako haziji ghafla, zinatambaa. Na wimbi hilo linaungana na habari ya mchochota: mwaka 2013 watafiti wa Uturuki na Marekani walionyesha kwenye panya kwamba likipita, seli za ubongo zilizoelemewa hufungua vijitundu na kutoa ishara za hatari, ishara hizo zinaamsha mchochota, na mchochota unaiamsha neva ya trijemina kwenye utando. Yaani panapoonekana hamna kitu, ubongo tayari umeshapeleka habari nje.

Aura ina jambo moja la haraka, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mwanamke mwenye kipandauso chenye aura hatakiwi kutumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili, yaani estrojeni na projestini. Shirika la Afya Duniani limeliweka hilo kwenye kundi la marufuku kwa umri wowote, kwa sababu hatari ya kiharusi inaongezeka. Usiviache kimyakimya ukashtukia mimba, nenda kliniki ya uzazi wa mpango, mwambie nesi kwa maneno haya: “Nina kipandauso na kabla yake naona zigizaga.” Njia nyingine zipo, kuanzia kitanzi cha shaba hadi kipandikizi.

Malaria, taifodi, UTI na wewe

Sasa narudi kwako, fundi. Najua inavyokwenda. Unafika zahanati umejishika kichwa, unatapika, na mwenye kukupokea ameshaona wagonjwa hamsini wa malaria. Si kosa kukupima. Huku kwetu kichwa na kutapika lazima malaria iangaliwe. Kosa ni kutibiwa wakati kipimo cha haraka kimesema hakuna. Kipimo kikiwa hasi na huna homa, dawa ya malaria haikuhusu. Na ile karatasi ya Widal inayokuandikia taifodi kila ukienda, muulize daktari anaiamini kiasi gani. Kipimo hicho kinajulikana kwa kuwasingizia watu ambao hawaumwi. Ukikutwa na taifodi mara nne kwa mwaka, na kila mara kichwa ni kilekile, upande uleule, kinachoisha baada ya siku moja au mbili hata kabla hujamaliza dozi, basi hiyo taifodi ina mashaka.

Antibayotiki inaua bakteria. Hapa bakteria hakuna. Unachopata ni tumbo kuharibika na usugu wa dawa siku utakapozihitaji kwelikweli.

Dawa: mapema, kwa kipimo, na si kila siku

Kila kitu nilichoeleza juu kina maana moja kwa pochi yako. Dawa za kundi la aspirini, ibuprofeni, naprokseni na diklofenaki zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini. John Vane wa Uingereza aligundua hilo kuhusu aspirini mwaka 1971, na likampa Nobeli mwaka 1982. Yaani zinawatuliza majirani. Dawa za kundi la triptani, mfano sumatriptani, zinamziba mdomo mpiga yowe: zinazuia neva isimwage CGRP. Sumatriptani iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Ukiandikiwa na daktari, ulizia maduka makubwa ya dawa mjini. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa haruhusiwi.

Mapema. Kipandauso kikiachwa kinapanda hatua. Neva za pembeni zikishapiga kelele kwa muda, zile za ndani ya ubongo nazo zinakuwa nyepesi, na ngozi inaanza kuuma kwa kuguswa tu. Utaijua: hereni zinauma, kilemba kinauma, kugusa misuko huwezi. Rami Burstein na wenzake wa Boston walionyesha kwamba triptani ikimezwa kabla ya hatua hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kuliko baada yake. Kwa hiyo tabia yetu ya kuvumilia, “ngoja nimalizie hii gauni kwanza,” inakula dawa yako. Halafu, kipandauso kikishika, tumbo nalo hupunguza mwendo, kidonge kinakaa humo bila kufika kwenye damu. Kama unatapika sana, muulize daktari kuhusu metoklopramidi, ambayo hutuliza kichefuchefu na kulisukuma tumbo.

Kwa kipimo. Wengi mnameza kidonge kimoja cha panadol, miligramu 500, halafu mnalalamika hakifanyi kitu. Mtu mzima asiye na kizuizi huanza na parasetamoli miligramu 1,000, au ibuprofeni miligramu 400, au aspirini miligramu 900 hadi 1,000, pamoja na maji ya kutosha. Geuza pakiti usome namba kabla hujahesabu vidonge. Lakini vizuizi navyo ni vya kweli: mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, au pumu inayoamshwa na aspirini asiguse kundi la aspirini na ibuprofeni. Aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini. Na mwenye homa, hasa misimu ya dengi ambayo Dar es Salaam tumeiona, atumie parasetamoli mpaka apimwe, maana aspirini na ibuprofeni zinaweza kuzidisha kutoka damu.

Si kila siku. Hapa ndipo dada zenu wengi wamenaswa. Ukimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au triptani, au vidonge vya mchanganyiko, siku 10 au zaidi kwa mwezi, na hali hiyo ikaendelea zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inageuka kuwa chanzo cha maumivu. Vidonge vya mchanganyiko ni vile vya pakiti ndogo za dukani. Ukisoma kwa nyuma utakuta aspirini, parasetamoli na kafeini vimekaa pamoja. Ni vya bei rahisi, viko kila kibanda, na kuna watu wanaviita vitafunwa vya asubuhi. Ukijiona humo, usione aibu, nenda kwa daktari akusaidie kuacha.

Kama kichwa kinakushika mara nyingi, zipo dawa za kukinga, zinazomezwa kila siku ili kipungue. Propranololi ni ya zamani, rahisi na inapatikana. Mwenye pumu asiitumie. Amitriptilini ya kiwango kidogo usiku husaidia wengi, hasa wanaokosa usingizi. Zipe wiki kadhaa kabla ya kuzihukumu. Nyingine, sodiamu valproeti, ni hatari kwa mimba. Mwanamke anayeweza kushika mimba asiandikiwe kienyeji. Na tangu mwaka 2018 nchi tajiri zina sindano za kingamwili zilizotengenezwa maabara ili kuikamata CGRP au kuziba kipokezi chake. Erenumabu ilikuwa ya kwanza. Ni ghali, na hutaikuta duka la dawa la mtaani. Ila ona mambo yalivyo: silaha ileile ya kinga, kingamwili, ndiyo inayotumwa kuinyamazisha neva.

Siku zako za mwezi

Wengi mmeniambia kichwa huja siku mbili kabla ya hedhi au siku zinapoanza. Si mawazo yenu. Estrojeni hushuka ghafla wakati huo, na kushuka huko kunaichokoza neva. Papo hapo mji wa mimba unatoa prostaglandini, zilezile zinazokaza tumbo la hedhi. Ndiyo maana dawa moja ya kundi la ibuprofeni inaweza kutuliza tumbo na kichwa kwa mpigo. Kama mzunguko wako unaeleweka, daktari anaweza kukupangia dawa kwa siku chache tu, kuanzia kabla damu haijaja.

Wajawazito: wengi wenu kichwa hupungua baada ya miezi mitatu ya kwanza. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Ibuprofeni na diklofenaki msijinunulie, hasa mkivuka wiki 20. Na kichwa kikali kipya baada ya wiki hizo, pamoja na macho kuona ukungu au uso kuvimba, si kipandauso mpaka presha ipimwe. Kinaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Nenda siku hiyohiyo.

Jikoni na kitandani

Ulishaambiwa unywe manjano kushusha mchochota? Kwenye pilau na mchuzi weka, ni chakula. Lakini kijiko cha manjano hakichukui nafasi ya dawa. Chai ya tangawizi kwa kichefuchefu ni nzuri, inywe.

Kinachosaidia kuliko viungo vyote ni utaratibu. Neva iliyozaliwa nyepesi haipendi mabadiliko. Lala saa ileile na uamke saa ileile, hata Jumapili. Usiruke mlo kwa sababu ya mteja anayesubiri sare ya harusi. Kama unakunywa kahawa, iwe kiasi kilekile kila siku. Mnaofunga Ramadhani mnajua kichwa cha siku za mwanzo. Punguzeni kahawa na chai wiki moja au mbili kabla, na daku msiikose. Mwenye kipandauso kikali amuulize daktari mapema kuhusu dawa ya kumeza wakati wa daku.

Jifunze pia kuona kinavyokuja. Kwa wengi, saa kadhaa au siku moja kabla, mtu anapiga miayo mfululizo, shingo inakaza, anakuwa na hasira, anatamani vitu vitamu. Halafu akila chokoleti kichwa kikaja, analaumu chokoleti. Huenda ile hamu ilikuwa ndiyo kipandauso chenyewe kimeshaanza.

Mama mkwe

Usibishane naye ukiwa unaumwa, hutashinda. Chagua siku una afya, mkiwa mnachambua mchele, sema taratibu: “Mama, ule ugonjwa wangu umepata jina. Ni kipandauso, unatokana na mishipa ya fahamu. Nikishikwa naomba saa mbili za giza na kimya, na mtoto akae kwako. Nikiwahi dawa nitainuka siku hiyohiyo.” Umemwomba kitu kimoja kinachopimika, na umempa sababu ya kukupa. Mume naye asikie, maana yeye ndiye atakayefunga pazia na kuzima redio.

Jirani wa mashetani mshukuru kwa kukujali. Dua haikatazwi. Chale za wembe kwenye paji la uso zikatae, maana hizo kweli zinaingiza vijidudu.

Usikae nyumbani ukiona dalili hizi

- Kichwa kikali kuliko vyote ulivyowahi kupata, kilichofika kileleni ndani ya dakika moja.
- Kichwa pamoja na homa na shingo ngumu, kuchanganyikiwa au degedege. Hapo mchochota unaweza kuwa wa kijidudu kwenye utando wa ubongo, na antibayotiki ya hospitali ni suala la kufa na kupona.
- Udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda, au maneno kutotoka, kwa mara ya kwanza.
- Kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50, au kwa mtu anayeishi na VVU.
- Kichwa baada ya kuanguka na kujigonga, au kinachozidi wiki hadi wiki.

Kazi yako ya miezi miwili

Una daftari la vipimo vya wateja, sivyo? Geuza ukurasa wa mwisho, chora safu nne: tarehe na saa kilipoanza; siku ya hedhi; dawa, kiasi na saa uliyomeza; saa kilipoisha. Jaza kwa miezi miwili. Safu ya tatu itakuonyesha kama unawahi au unachelewa, na itahesabu siku za dawa kabla hazijafika 10.

Kisha nenda nalo hospitali, siku ambayo huumwi, na kabla hujaulizwa lolote sema: “Daktari, kichwa kinanishika upande mmoja, kinagonga, natapika, sitaki mwanga wala kelele, kinakaa siku nzima na kinajirudia mara mbili tatu kwa mwezi. Nadhani ni kipandauso. Haya ndiyo maandishi yangu. Nifanyeje nikishikwa, na nahitaji dawa ya kukinga?” Akianza kuandika antibayotiki, muulize kwa heshima anatibu kijidudu gani na kipimo gani kimekionyesha. Una haki ya jibu hilo.

Niandikie atakavyokujibu.

Dada yenu.